Kina mama, mkunga wako ana leseni ya jimbo unaloishi?

Mwezi uliopita dada mmoja wa Columbus, mimba ya miezi minane, alinipigia simu: "Dada, wewe ni nesi, njoo unizalishe hapa hapa nyumbani. Hospitali sirudi tena." Mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji, bila mkalimani. Nilimwelewa, lakini nilikataa. Kwetu nilizalisha wengi tu zahanati, ila leseni yangu ya hapa ni ya uuguzi, si ya ukunga. Na kovu la upasuaji linaweza kuchanika wakati wa uchungu.

Mama kujifungulia nyumbani si kosa. Sheria inamwangalia anayemzalisha, na kila jimbo lina yake.

Walioko Louisville wana nafuu. Kentucky iliacha kutoa vibali vipya kwa wakunga wasio manesi mwaka 1975, mpaka sheria ya 2019 ikawaruhusu wenye cheti cha CPM kupata leseni kwenye Bodi ya Wauguzi.

Buffalo ni tofauti kabisa. New York, kwa sheria ya 1992, leseni ya ukunga hutolewa na Idara ya Elimu (msishangae!) kwa wenye CNM au CM. CPM peke yake haitoshi. Mwaka 2018, huko Penn Yan, mkunga mwenye CPM aliyehudumia familia za Wamennonite alikamatwa kwa kufanya kazi bila leseni. Familia zile zilifika mahakamani kumuunga mkono, lakini sheria ni sheria.

Columbus, Bodi ya Wauguzi ya Ohio hutoa leseni kwa wakunga manesi, yaani CNM. Mswada wa 2021 wa kuwapa leseni na wengine haukupita. Kwa hiyo ulizeni bodi kabla ya kumlipa mtu, hata kama ni shangazi wa kanisani.

Mkunga mwulize pia: ana dawa ya kuzuia damu? Ana oksijeni? Mambo yakiharibika mnakimbilia hospitali gani, dakika ngapi? Ukishajifungua, damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, piga 911, usingoje mume arudi kazini. Hospitali dai mkalimani. Ni haki yako, bila malipo.

Yule dada nilimpeleka kwa mkunga nesi anayezalisha hospitalini. Bado ananinunia kidogo.