KUTOKA UGANDA: Uvimbe wa Ini Usihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya utumbo mkubwa akionekana baadaye ana uvimbe katika ini, watu husema upesi: "Imesambaa." Mara nyingi ndivyo ilivyo, maana saratani ya utumbo husafiri kwa damu hadi kwenye ini. Lakini si kila mara. Mtu mmoja aweza kupatwa na saratani mbili zisizo na udugu, kila moja na chanzo chake.

Moja ya hizo, ingawa ni adimu sana, ni limfoma inayoanzia katika ini. Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, na kwa kawaida huanzia kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena. Ikianzia katika ini huleta maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, jasho la usiku na kukonda. Maradhi mengine mengi huleta dalili hizo hizo, na hata picha ya mashine haitoshi kuitambua. Kinachokata shauri ni kipande kidogo cha ini, kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini.

Tofauti hii ni kubwa kwa sababu dawa si moja. Uvimbe wa limfoma mara nyingi hunywea kwa dawa bila mgonjwa kupasuliwa, na wako wanaopona kabisa. Aliyehukumiwa bila kipimo aweza kupewa dawa isiyo yake, au kurudishwa nyumbani akangoje kufa.

Jirani zetu wa Uganda wana historia ndefu katika kazi hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao baadaye ulijulikana kuwa ni limfoma. Mwaka 1967 kilifunguliwa hapo Mulago kituo cha kutibu limfoma, na watoto wengi waliponywa kwa dawa. Wataalamu wa Marekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Dk. Charles Olweny na wenzake waliendelea na kazi. Taasisi ya Saratani ya Uganda ingalipo hadi leo.

Basi tufanye nini viwandani na mashambani?

Kwanza, mgonjwa au jamaa yake amwulize daktari: "Je, kipande cha ini kimepimwa?"

Pili, tutunze karatasi za matibabu ya kwanza.

Tatu, tupate chanjo ya homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huleta saratani ya ini, na huongeza hatari ya limfoma pia.

Nne, matawi ya chama yadai katika mikataba ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara. Haki ya kutibiwa huanza na haki ya kujua unaumwa nini.