Jogoo Mgeni Alale Peke Yake

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli kwa watu. Lakini kwa kuku mithali hiyo hugeuka: mgeni akija, mwenyeji huugua. Jambo hili sikujifunza chuoni, ingawa chuo cha ualimu nilikipita. Nalijifunza nyumbani kwangu, kwa jogoo mmoja niliyemnunua kwa fedha yangu mwenyewe. Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari zake, ili atakayenunua jogoo kesho asifanye kosa nililotaka kulifanya mimi.

Jogoo wa mnadani

Mwezi wa Agosti, mwaka 2022, mke wangu alikuwa na mitetea 11. Hao ndio waliotupatia chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Jogoo wetu alikuwa amezeeka, tena alikuwa baba wa karibu mitetea wote wale. Kuku wakizaliana ndugu kwa ndugu, vifaranga hukosa nguvu na mayai mengi hayaanguliki. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi hivi, lakini yapasa awe wa damu nyingine. Basi tulikubaliana nitafute jogoo mpya.

Nilikwenda mnadani nikamwona jogoo wa kuchi, mrefu, shingo ndefu, kifua kipana. Huku kwetu Unyamwezini kuku wa kuchi wanasifiwa sana kwa ukubwa wao. Nilimtazama mwili tu, sikumtazama macho wala pua. Nilitoa shilingi 35,000, nikamfunga miguu, nikamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli, kichwa chini, jua kali, mwendo wa saa mbili.

Nilipofika nilitaka kumwachia papo hapo bandani. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba, huyu hatumjui alikotoka. Alale kwanza kule jiko la zamani."

"Mama," nikasema, "jogoo wa elfu thelathini na tano alale jikoni kama mwizi?"

"Si mwizi, ni mgeni. Mgeni haingizwi chumbani siku ya kwanza."

Nikanyamaza, maana banda ni lake na kuku ni wake. Tukamfungua miguu, tukampa maji, tukamfunikia tenga.

Alfajiri majogoo wa majirani waliwika, wetu kimya. Tulipomfunulia tulimkuta amejikunyata, manyoya yamesimama. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limefumba, na puani hutoka makamasi yenye harufu mbaya. Alikuwa akipiga chafya kama mtu. Hapo nilimtazama mke wangu, naye akanitazama, lakini hakusema neno. Namshukuru kwa hilo.

Mdondo au mafua?

Majirani walikuja na mashauri. Mmoja alisema tumpe vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani. Mwingine alisema tumchinje upesi kabla hajafa. Wa tatu alininong'oneza, "Karani, Jumamosi mrudishe mnadani. Ulivyouziwa, nawe uza."

Mimi nilikwenda kwa Bwana Mifugo. Naye alikuja, akatazama, akaniambia kwanza yapasa kujua ni ugonjwa gani, maana magonjwa ya kuku hufanana kwa mbali, bali dawa zake hazifanani. Alinieleza hivi:

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio adui mkubwa wa kuku wa vijijini. Waingereza wauita kwa jina la mji wao wa Newcastle, kwa kuwa mwaka 1926 ulizuka huko, na mwaka huohuo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Kuku mwenye mdondo huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, huangusha mabawa, na pengine shingo hupinda au miguu hupooza. Kuku wengi hufa kwa siku chache. Mdondo hauna dawa ya kuponya. Shubiri mwitu, pilipili na mwarobaini, ambavyo wengi wetu huvitia katika maji ya kuku, haviwezi kuuzuia. Kinga yake ni chanjo tu.

Ndui ya kuku huleta vipele na magamba meusi kwenye upanga, machoni na mdomoni. Huenezwa sana na mbu. Nayo haina dawa ya kuponya, ila vidonda vyaweza kusafishwa, na kuku wengi hupona wenyewe wakitunzwa vizuri.

Kuhara damu hushika hasa vifaranga na kuku wadogo, na dawa yake ipo.

Mafua ya kuku huleta chafya, makamasi yanayonuka, na uso uliovimba. Huletwa na bakteria, na dawa yake ipo. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo jogoo wangu.

Kuhusu vidonge vya rangi mbili, Bwana Mifugo alikataa kabisa. Dawa ya mtu hupimwa kwa mwili wa mtu. Tena dawa za namna hiyo haziui virusi vya mdondo wala ndui. Zikitumiwa ovyo ovyo, vijidudu huzizoea, na siku utakapozihitaji hazitakusaidia, wala kuku wala watoto wako.

Jinsi tulivyomtunza

Jogoo alibaki jiko la zamani, mbali na banda, mahali pakavu pasipo na upepo mkali. Tulimtandikia maranda makavu, tukayabadili kila yalipolowa.

Dawa aliyoandika Bwana Mifugo tulinunua duka la dawa za mifugo. Bei yake haikufika bei ya mtetea mmoja. Tuliichanganya na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tukatengeneza mapya kila asubuhi, wala hakupewa maji mengine. Tulimpa siku zote tulizoagizwa. Siku ya tatu alionekana ana nafuu, nami nikataka kuacha ili dawa ibaki. Mke wangu akaniuliza kama mtoto wetu akipewa dawa ya siku tano huwa tunaacha siku ya tatu. Basi tuliendelea.

Jicho tuliliosha asubuhi na jioni. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo cha chai cha chumvi, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Chovya kitambaa safi, futa taratibu jicho na pua, kisha kitambaa hicho kichome. Kuku mwenye jicho lililofumba haoni chakula, naye mgonjwa hupoteza hamu ya kula. Kwa hiyo tulimpa unga wa mtama uliolowanishwa, mchicha uliokatwa vipande vidogo, na dagaa kidogo waliopondwa, tukamwekea karibu na mdomo. Maji ni muhimu kupita chakula. Kuku mzima hunywa kiasi cha robo lita kwa siku, na zaidi wakati wa joto.

Tulimtazama pia chini ya mabawa na miguuni. Alikuwa na chawa, na magamba ya miguu yalikuwa yameinuka kwa utitiri. Tuliosha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaisugua polepole kwa mswaki mkuukuu, tukapaka mafuta mazito ya mgando kila baada ya siku chache. Mafuta huziba pumzi ya utitiri. Alipopata nguvu tulimwekea beseni la majivu na mchanga, akaoga mwenyewe.

Jambo moja tulilishika sana: mitetea walihudumiwa kwanza, jogoo mgonjwa mwisho. Aliyemhudumia alinawa mikono kwa sabuni na kubadili viatu. Chombo chake cha maji hakikuingia bandani kamwe. Maana ugonjwa hautembei kwa miguu ya kuku tu, hutembea pia kwa miguu yetu, mikono yetu na vyombo vyetu.

Siku ya tisa, kabla ya jua, tulisikia sauti ya kukwaruza kutoka jiko la zamani. Ilikatika katikati, ikaanza tena. Watoto waliruka kitandani wakipiga kelele, "Amewika! Amewika!"

Jaribu kubwa

Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Nilimwambia Bwana Mifugo kwamba kesho namwachia bandani. Akatikisa kichwa. Akasema, "Karani, kuku aliyepona mafua haya aweza kubaki na vijidudu mwilini mwake. Yeye ataonekana mzima, bali atawaambukiza wengine. Huyu si wa kuwekwa na mitetea ya Mama."

Nilisikia uchungu sana. Jogoo amepona, anang'aa, anawika, wala sina kazi naye!

Jumapili ile, baada ya Misa, mzee mmoja wa kijiji cha pili alinifuata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una kuchi mzuri. Nimemwona nilipopita kwako. Nipe kwa elfu arobaini."

Wasomaji wangu, sitawaficha. Nilihesabu upesi moyoni: fedha yangu irudi, bei ya dawa irudi, na faida kidogo. Hakuna ambaye angejua. Jogoo alikuwa mzima machoni pa kila mtu. Tena mimi mwenyewe niliuziwa hivyohivyo. Lakini nilimkumbuka mke wangu aliposimama mlangoni pa banda lake. Huyu mzee naye ana banda, na ndani yake pengine mna ada ya mjukuu.

Nikamwambia, "Mzee wangu, jogoo huyu aliugua mafua. Amepona, lakini Bwana Mifugo asema aweza kuambukiza. Ukimtaka wa kuchinja, baada ya siku za dawa kupita, sawa. Wa kufuga, hapana."

Mzee alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Nina mitetea ishirini nyumbani, mwanangu. Ahsante." Akanipa mkono, akaenda zake.

Tulingoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite, kwa maana nyama ya kuku aliye katika dawa hailiwi, na mayai vilevile. Kisha tulimchinja sisi wenyewe. Manyoya na matumbo tulifukia shimoni. Ilikuwa supu ya shilingi 35,000, na watoto hawakuacha hata tone. Jiko la zamani tulilifagia, maranda tukayachoma, kuta tukazipaka chokaa. Mitetea 11 walibaki 11, wala hakuna hata mmoja aliyepiga chafya.

Kanuni za jogoo mpya

Baadaye tulinunua jogoo mwingine, kijana, kwa jirani ambaye kuku wake huchanjwa. Safari hii nilifuata kanuni hizi, nanyi nawapa:

1. Ukitaka kununua, mtazame macho, pua, miguu na sehemu ya nyuma. Macho yawe makavu na maangavu, pua safi, manyoya ya nyuma yasiwe yamechafuka kwa kuhara. Msikilize anavyohema. Uliza amechanjwa lini.

2. Afadhali kununua kwa jirani unayejua banda lake kuliko mnadani, ambako kuku wa vijijini mbalimbali hukusanyika pamoja, wazima na wagonjwa.

3. Msafirishe katika tenga lenye hewa, si kichwa chini.

4. Alale peke yake wiki nne. Mafua hujitokeza kwa kawaida baada ya siku 1 hadi 3, na mdondo baada ya siku 2 hadi 15. Wiki nne hutosha kuyaona yote mawili.

5. Achanjwe mdondo angali mzima, na angalau wiki mbili zipite kabla hajachanganywa na wengine. Ipo chanjo ya tone la jicho, tone moja kwa kila kuku, ambayo haiharibiki upesi kwa joto kama zile za zamani. Irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kadiri utakavyoelekezwa. Majirani wakichanja siku moja ni bora zaidi, hata gharama hupungua, maana kichupa kimoja hutosha kuku wengi. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

6. Kuku akifa kwa ugonjwa, asiliwe wala asitupwe porini. Mchome au mfukie shimo refu. Wakifa wengi kwa mara moja, mwarifu Bwana Mifugo siku ileile.

Wazee walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jogoo wetu wa pili nilimpa jembe lake siku ya 29. Nilipomfungulia, mke wangu alisimama palepale mlangoni pa banda, akamtazama macho, akamtazama pua, akamgeuza akamtazama nyuma. Kisha akasogea kando, akasema, "Karibu ndani."