Vitabu vya Baiskeli kwa Wanaopanda Mlima wa Ipogolo

Anayepandisha gunia la mkaa kwa baiskeli kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini hushuka mapema na kusukuma. Wapo wanaompita kwenye gari wakadhani amechoka. Kumbe amepiga hesabu kwa miguu yake, na hesabu hiyo hiyo imeandikwa katika kitabu ninachokipendekeza kwanza: Bicycling Science, cha mhandisi David Gordon Wilson wa chuo cha MIT, Marekani. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1974, akishirikiana na Frank Whitt, na toleo la nne likatoka mwaka 2020.

Tuchukue mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 65. Jumla ni kilo 150. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa nguvu ya wati 100 kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Kwa nguvu hiyo, kuinua kilo 150 hadi kimo cha mita 100 kunachukua dakika 25 hivi. Kama barabara inapanda mita 5 katika kila mita 100, atakuwa amekwenda kilomita 2 kwa dakika hizo 25. Huo ni mwendo wa kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtembea kwa miguu.

Sasa tazama gia. Baiskeli ya Phoenix ya gia moja husogea mita 5 na kitu kila pedali inapozunguka mara moja. Kwa mwendo ule, mguu utazungusha pedali mara 15 tu kwa dakika, wakati miguu ya binadamu hufanya kazi vizuri kuanzia mizunguko 60 hivi. Kila mkanyago unakuwa mzito mno kwa goti, na baiskeli inayokwenda taratibu namna hiyo huyumba. Kusukuma ndiyo akili. Hesabu hii inatufundisha pia kwamba mtu wa Iringa anayenunua baiskeli ya mzigo amwombe fundi amfungie sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, tuseme 22 badala ya 18. Kwenye tambarare atapoteza kasi kidogo, lakini kwenye miinuko midogo hatalazimika kushuka.

Kitabu cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ni The Bicycle Wheel cha Jobst Brandt, mhandisi wa California, kilichochapishwa mwaka 1981. Kinazungumzia gurudumu peke yake, basi. Brandt anaanza na swali ambalo wengi hatujiulizi: spoki ni waya mwembamba unaopinda ukiuegemea, inakuwaje zibebe magunia? Jibu lake ni kwamba zote zimevutwa kwa nguvu kabla mzigo haujapakiwa. Mzigo ukikaa, spoki za chini, zile zinazoelekea ardhini, hulegea kidogo, na gurudumu linapozunguka hukaza tena. Kulegea na kukaza huko, mara elfu na elfu, ndiko kunakoichosha spoki mpaka ikatike, na kwa kawaida hukatika pale kwenye kiwiko, inapoingia kwenye habu.

Kwa hiyo spoki iliyolegea ndiyo iliyo karibu kukatika. Ukimtazama fundi mzuri chini ya mti, utamwona anabinya spoki mbilimbili kwa vidole au kuzigonga kwa spana huku akisikiliza mlio. Yenye sauti nzito kuliko wenzake ndiyo iliyolegea. Baiskeli za mtindo wa zamani wa Kiingereza zilifungwa spoki 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu mzigo hukaa nyuma, kwa hiyo mkaguzi na aanze na gurudumu la nyuma. Abebaye mkaa afanye hivyo kila wiki, kabla rimu haijaanza kucheza.

Kitabu cha tatu hakihusu baiskeli moja kwa moja, ila kimezaliwa jirani. Mwaka 1985 Shirika la Kazi Duniani pamoja na serikali ya Tanzania walianza mradi wa usafiri vijijini huko Makete, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Waliwafuatilia wanakijiji na kuona kwamba safari nyingi haziendi barabarani kabisa: ni za kisimani, shambani, kwenye kuni na mashineni, kwa miguu, na mzigo mkubwa uko kichwani mwa mwanamke. Jonathan Dawson na Ian Barwell waliyaandika hayo katika Roads Are Not Enough, 1993. Diwani yeyote anayepanga bajeti ya barabara angekisoma kwanza. Huko Makete kutengeneza njia za miguu na kutumia punda wa kubeba mizigo kulisaidia pale ambapo lami isingefika.

Anayetaka safari asome The Ukimwi Road, cha Dervla Murphy wa Ireland, 1993. Aliendesha baiskeli kutoka Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe, akiwa na umri wa miaka 60. Si kitabu chepesi, na mwandishi ni mkali kwa misaada ya wageni. Lakini kwa kuwa alikwenda polepole, watu walimweleza misiba yao ya Ukimwi, na kwetu hayo si mambo ya mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wa miaka 15 hadi 49 ni asilimia 14.8 Njombe na 9.1 Iringa. Ipogolo, yanakosimama malori ya barabara kuu, inazijua takwimu hizo kwa majina ya watu.

Vyote vinne ni vya Kiingereza, na fundi wa Ipogolo hawezi kungoja mwanawe amalize sekondari ndipo amsomee. Kama kuna mchapishaji au chuo cha ufundi chenye nia, ningeanza na sehemu ya pili ya kitabu cha Brandt. Humo anaeleza kwa michoro, hatua kwa hatua, jinsi ya kupanga spoki, kuzikaza sawasawa na kunyoosha rimu. Kurasa hizo zikitafsiriwa kwa Kiswahili cha mafundi wenyewe, zikachapwa kwenye karatasi inayovumilia mikono yenye grisi, zitafaa kuanzia Ipogolo hadi Mafinga na Mbeya.