Shule ya Umma, Michezo na Stara ya Binti

Kila muhula unapoanza, kamati yetu ya msikiti hupokea swali lile lile kutoka kwa wazazi, hasa wenye mabinti waliofaulu kuingia sekondari za serikali. Mwalimu wa michezo anamtaka mtoto kwenye timu, sare ni bukta na fulana isiyo na mikono, tufanyeje? Mara nyingi jibu limekwisha kuamuliwa nyumbani kabla hawajatufikia: mtoto ataacha michezo. Hatuna ubishi na nia ya mzazi huyo, kwani stara ni faradhi wala si pambo. Lakini tunaona kuwa baina ya kuvua na kuacha ipo njia nyingine, na mfano wake ulio wazi zaidi tumeupata mbali, katika nchi ambayo Waislamu ni wachache mno.

Maplewood ni mji mdogo wa pembezoni mwa Newark, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Mji huo na jirani yake South Orange wana sekondari moja ya umma, Columbia High School, yenye wanafunzi wa darasa la 9 hadi la 12, yaani wa umri wa miaka 14 hadi 18 hivi. Hakuna ada. Shule huendeshwa kwa kodi za wananchi, na sehemu kubwa ni kodi ya nyumba wanazokaa wazazi hao hao. Hapo ndipo aliposoma Ibtihaj Muhammad, aliyehitimu mwaka 2003.

Wazazi wake ni Wamarekani weusi waliosilimu. Baba alikuwa mpelelezi wa polisi, mama mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Walitaka watoto wao wote watano washiriki michezo, na hawakutaka hata mmoja wao apunguze stara. Binti alipoingia riadha au mpira wa wavu, mama alikuwa na kazi ya ziada ya kurekebisha sare, mikono mirefu hapa, suruali ndefu pale, na bado mtoto alionekana tofauti na wenzake. Siku moja, binti akiwa na umri wa miaka kama 13, walipita kwa gari karibu na Columbia, na kupitia dirishani mama akawaona vijana wamevaa suruali na makoti meupe yaliyowafunika mwili, na nyuso zao zimo ndani ya vinyago vya waya. Hakujua wanacheza nini. Alichokijua ni kwamba huo ndio mchezo ambao binti yake angevaa sawasawa na timu nzima, bila kuongezewa uzi hata mmoja.

Ulikuwa mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba. Ibtihaj alianza na upanga wa kuchomea, baadaye akahamia kitara. Alikuwa nahodha wa timu ya shule, na shule ikatwaa ubingwa wa jimbo. Tukumbuke kwamba mchezo huu ni wa gharama kubwa, na shule pekee haikutosha: mwaka 2002 alijiunga na taasisi iliyoko New York iliyoanzishwa na Peter Westbrook, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo, kwa ajili ya kuwafundisha vijana wasio na uwezo. Kutoka Columbia alikwenda Chuo Kikuu cha Duke, akahitimu mwaka 2007. Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Marekani katika Olimpiki akiwa amevaa hijabu, na timu yao ya vitara ikapata medali ya shaba.

Tunajua wapo watakaouliza juu ya mwanamke kushindana mbele ya hadhara ya wanaume. Wanazuoni wana maneno yao katika hilo, nasi hatutoi fatwa kwenye ukurasa wa familia. Linalotuhusu hapa ni namna mama yule alivyofikiri. Aliichukua stara kuwa jambo lisilojadiliwa, kisha akaanza kutafuta.

Isidhaniwe kwamba shule hiyo ni pepo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Columbia walipangwa madarasa kwa viwango, na weusi walikuwa wachache katika madarasa ya juu, yale yanayofungua milango ya vyuo vikuu. Malalamiko yalifika wizara ya elimu ya nchi hiyo, na mwaka 2014 uongozi wa elimu wa miji hiyo miwili uliingia makubaliano ya kuyafungua madarasa hayo. Mzazi anayefuatilia uwanja wa michezo na kuisahau ripoti ya masomo ameshika nusu ya amana.

Na katika dini, shule ya umma ya Marekani haifundishi wala haisalishi. Kwetu Tanzania, Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo linalotahiniwa kidato cha nne, kule halipo. Mwaka 2004 uongozi wa shule za Maplewood na South Orange ulizuia hata nyimbo za kidini za Krismasi katika matamasha ya shule, mzazi mmoja akashitaki, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi wa uongozi. Hata hivyo mlango haukufungwa kwa wanafunzi wenyewe. Sheria ya mwaka 1984 inazitaka sekondari za umma zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiruhusu vilabu vingine visivyo vya masomo, ziruhusu na vya dini kwa masharti yale yale, mradi viongozwe na wanafunzi. Vyama vya wanafunzi wa Kiislamu katika sekondari hizo vinaweza kukutana chini ya sheria hiyo.

Penye Waislamu wengi mambo huwa mepesi zaidi. Katika mji wa Dearborn, pembezoni mwa Detroit, shule ya umma ya Fordson ina wanafunzi wengi wenye asili ya Kiarabu. Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti, wakati wa mazoezi makali ya mpira wa Kimarekani. Kocha Fouad Zaban, Muislamu aliyesoma shule hiyo hiyo, aliyahamishia usiku, kuanzia saa tano hadi karibu na alfajiri, vijana wanywe maji na kula kisha wafunge. Penye Waislamu wachache hali huwa nyingine. Katika jimbo la Ohio, mwaka 2019, binti mmoja alimaliza mbio za nyika kisha matokeo yake yakafutwa kwa kuwa alivaa hijabu bila barua ya ruhusa. Mwaka 2022 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuondoa sharti la barua.

Turudi kwetu. Mzazi akiambiwa na mwalimu kuwa kanuni za mchezo haziruhusu mtandio, ajue kwamba FIFA iliruhusu hijabu katika soka mwaka 2014, na shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu likafuata mwaka 2017. Aende na tarehe hizo, kwa adabu, akazungumze juu ya suruali ndefu na mikono mirefu yenye rangi za timu. Kisha aulize mambo mengine mawili ambayo wazazi wengi huyasahau: mazoezi yanakwisha saa ngapi kabla ya Magharibi, na mwalimu gani wa kike atasafiri na mabinti timu ikienda kucheza nje ya wilaya.