Programu Huria kwa Ofisi za Rungwe (Sehemu ya Pili): Barua Pepe na Nyaraka

Sehemu ya kwanza ilihusu leseni: nani anaruhusiwa kufanya nini na programu huria. Leo tuingie ofisini. Ofisi nilizo nazo akilini ni za hapa kwetu: chama cha msingi cha wakulima wa chai upande wa Katumba, sekondari ya kata, ofisi ya usharika, steshenari ya Tukuyu mjini. Zote zinaandika barua, zinatunza orodha za watu na fedha, na siku hizi zinadaiwa majibu kwa barua pepe. Zote pia zinaishi na mvua ya Rungwe, ambayo ikiamua kuondoka na umeme haimwulizi mtu. Watumishi wa halmashauri nawaweka pembeni kidogo, maana wao wana Mfumo wa Barua Pepe Serikalini na maelekezo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Wengi wetu tunasomea barua pepe ndani ya kivinjari. Mtandao ukikatika, barua ya mwezi uliopita uliyoisoma mara tatu mara nyingi nayo haifunguki. Thunderbird, programu huria iliyozaliwa Mozilla na kutoa toleo lake la 1.0 Desemba 2004, hushusha barua na kuzihifadhi kwenye diski ya kompyuta yako. Unaweza kusoma, kutafuta na kujibu bila mtandao wowote. Majibu hukaa foleni, na mtandao ukirudi hata kwa dakika chache unayaruhusu yaondoke.

Hapa pana uamuzi mmoja unaostahili kufikiriwa kabla ya kubofya chochote. Programu itazungumza na seva kwa njia ya POP au IMAP. Kwa POP, barua huletwa kwako na, usipoweka alama ya kuacha nakala, seva huzifuta. Kompyuta ikiibiwa, barua zimekwenda nayo. Kwa IMAP, barua hubaki kwenye seva na kompyuta huwa na nakala inayolinganishwa nayo. Simu ya mwenyekiti na kompyuta ya katibu huona kitu kile kile. Ubaya wake ni kwamba akifuta mmoja, imefutika kwa wote. Chama chenye viongozi watatu wanaotumia anwani moja kichague IMAP, kisha kikubaliane nani mwenye ruhusa ya kufuta. Mabishano ya “barua hatukuiona” huanzia hapo.

Kwa anayehesabu bando, mipangilio ya akaunti ina sehemu ya nafasi ya diski, ambapo unaweza kuamuru barua zinazozidi ukubwa fulani zisishushwe mpaka utakapoziomba. Picha kumi za sherehe zilizotumwa na ndugu wa Dar es Salaam zitasubiri. Barua ya mnunuzi itaingia.

Nyaraka zina hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, iliinunua Star Division ya Ujerumani pamoja na programu yake ya ofisi, na mwaka uliofuata ikaanika msimbo wake kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle. Wajenzi wengi hawakuridhika na mwelekeo. Septemba mwaka huo wakajitenga, wakaunda The Document Foundation, wakaendeleza kazi ile ile kwa jina la LibreOffice. Mwenye mali alibadilika, lakini programu haikuweza kufungiwa ghalani. Mtu akikupa chipukizi la mgomba, huhitaji kumrudia kila unapotaka ndizi, na hawezi kukuzuia kumgawia jirani.

Kugawa huko ni kwa maana halisi. LibreOffice ni faili la mamia ya megabaiti, zito kwa bando la kijijini. Anayelishusha mara moja pale Tukuyu anaweza kulibeba kwa flashi mpaka Kiwira, Masoko au Busokelo na kulisimika kwenye kompyuta ishirini, na hajavunja sheria yoyote. Linganisha na programu zilizochakachuliwa zinazouzwa kimyakimya: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na vifunguo vya wizi mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Kiswahili nacho kina nafasi katika historia hii. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Ni wachache wanaoikumbuka leo, na kwa maoni yangu ilistahili kusukumwa mashuleni kuliko ilivyosukumwa. Hata hivyo, miongoni mwa kamusi za tahajia za LibreOffice imo ya Kiswahili cha Tanzania. Ichague wakati wa kusimika, kisha uweke Kiswahili kuwa lugha ya waraka. Usipofanya hivyo, programu huipima barua yako kwa Kiingereza na kuipigia mistari myekundu kutoka salamu hadi sahihi.

Nisifiche kasoro. Waraka wa docx uliojaa majedwali unaweza kuhamahama unapofunguliwa, hasa fonti zikikosekana. Carlito na Caladea zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, na husaidia sana. Lahajedwali lenye makro kutoka kwa mfadhili huenda lisifanye kazi kabisa. Lijaribu kwanza, kabla hujafuta programu ya zamani. Waraka uliokwisha utume kwa PDF. Nakala yako ya kuhariri ihifadhi kwa ODF, muundo uliokubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, ambao programu yoyote inaweza kujengwa kuusoma hata miaka mingi baada ya aliyeuandika kustaafu.

Wiki ijayo: kutumia Calc, lahajedwali ya LibreOffice, kwa mizani ya majani mabichi, makato ya wanachama, na namna ya kuchapa barua mia tatu zenye majina tofauti kutoka orodha moja.