Usugu wa Mbu na Lishe ya Mtoto

Mara nyingi husikika ikisemwa kwamba mbu wa siku hizi wamezoea dawa, kama mlevi azoeavyo pombe. Usemi huu unapotosha. Mbu mmoja hajifunzi kustahimili sumu. Kwa sehemu kubwa, kufa kwake au kupona kwake hutegemea urithi alioupata kwa wazazi wake kabla hajatoka katika yai.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa na George Davidson, mtaalamu wa Taasisi ya Ross mjini London. Mwaka 1955 iligunduliwa kwamba huko Sokoto, kaskazini ya Naijeria, mbu wa Anopheles gambiae, ambao hueneza malaria, walikuwa wakisalimika katika nyumba zilizopuliziwa dieldrini. Davidson aliwafuga mbu wa huko katika maabara, akawazalisha na wengine ambao dawa hiyo iliwaua kwa urahisi. Watoto waliozaliwa walikuwa wa kati na kati: dawa hafifu haikuwadhuru, bali dawa kali iliwaua. Alipowazalisha tena watoto hao na mbu wasio sugu, karibu nusu ya wajukuu walikufa kwa dawa hafifu na nusu wakapona. Mwanafunzi aliyekwisha soma habari za njegere za Mendel ataitambua hesabu hiyo mara moja. Usugu ule ulitawaliwa na jeni moja tu, na Davidson alitangaza hivyo mwaka 1956.

Maana yake ni nzito. Dawa haiumbi usugu. Huwaua wasio nao, na wachache walio nao hubaki peke yao kuzaliana. Kwa kuwa kizazi cha mbu huchukua majuma machache tu, wachache hao huweza kuwa wengi katika muda mfupi.

Dieldrini imekwisha achwa, na vyandarua vya leo hutiwa dawa za jamii ya pirethroidi, lakini kanuni ni ile ile. Baadhi ya mbu wana mabadiliko katika mishipa ya fahamu, hata sumu isipate pa kushika. Wengine wana vimeng'enya vingi vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafanya kazi.

Je, mambo haya yanahusianaje na lishe? Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na mtoto anahitaji madini ya chuma ili atengeneze nyingine. Ingeonekana basi kwamba dawa ya kumpa ni vidonge vya chuma. Huko Pemba, watafiti walioongozwa na Sunil Sazawal waliwapa watoto wa miezi 1 hadi 35 chuma pamoja na asidi ya foliki. Mwaka 2003 ilibidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe. Waliopewa chuma walikufa au kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi kuliko wenzao. Yafaa ieleweke kwamba jambo hili halihusu dagaa, maini wala kunde. Chuma kilicho katika chakula cha kawaida hakikushtakiwa. Tena, katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliopungukiwa na chuma walinufaika. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mahali penye malaria nyingi, vidonge vya chuma viandamane na kinga na matibabu ya malaria.

Kinga hiyo, katika nyumba nyingi za vijijini, ni chandarua. Chandarua kikishindwa na mbu sugu, hata msaada wa lishe huingia mashakani.

Huko Muleba, mkoani Kagera, ambako usugu ni mkubwa, mwaka 2015 vijiji kadhaa vilipewa vyandarua vilivyoongezwa pipironili butoksidi. Kemikali hii si sumu ya kutegemewa kuua mbu. Kazi yake ni kuvizuia vile vimeng'enya, ili pirethroidi ipate nafasi. Mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto 29 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye vyandarua vya kawaida walikuwa 42. Hata hivyo, kemikali hiyo hupungua katika uzi kadiri chandarua kinavyotumika na kufuliwa, na mbu wenye mabadiliko katika mishipa ya fahamu haiwagusi.