Lamu na Mchanga Unaoinywesha

Sisi wakazi wa Eldoret tumezoea mto. Sosiani hupita katikati ya mji wetu, na mvua za nyanda za juu hazitukawilii. Ndiyo maana familia zetu zilipozuru Lamu, kilichotushangaza mno ni kwamba kisiwa kile hakina mto, ilhali watu wamekaa humo karne nyingi. Msikiti wa Pwani ulijengwa mwaka 1370, ngome ikakamilika mwaka 1821, na mwaka 2001 UNESCO ikautia mji huo katika Urithi wa Dunia. Vizazi vyote hivyo vimekunywa nini?

Jibu liko nje ya mji. Ukifuata ukingo wa bahari kwa miguu, mwendo wa kilomita tatu hivi, unafika Shela. Hapo huanza ufuo wa takriban kilomita 12, na nyuma yake vimejipanga vilima vya mchanga. Mgeni huvidhani pambo tu. Kumbe ndivyo ghala la maji: mchanga huinywa mvua, huichuja, kisha maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hutuama juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Visima huteka tabaka hilo. Majumba yakijengwa juu ya vilima, vyoo vikachimbwa, au maji yakavutwa kupita kiasi, uchafu hushuka na chumvi hupanda. Kisima kikishaingia chumvi, hakitengemai upesi.

Wazee wa Lamu waliyajua haya. Katika nyumba zao za mawe mna birika la maji, na ndani yake hufugwa visamaki wale viluwiluwi vya mbu. Maji huchotwa kwa kata, kwa kiasi.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha penye mto upitao. Itakuwaje basi penye kisiwa kisicho na mto?

Akina mama na akina baba mnaokusudia kuwapeleka watoto likizoni, waonyesheni misikiti na ngome, kisha wapelekeni Shela asubuhi, jua halijawa kali. Waambieni kwamba mchanga wanaouchezea ndio unaowanywesha wenyeji wao. Wasiache taka juu yake, na warudipo nyumbani wafunge mfereji vizuri.